Ukivamiwa njiani: jinsi ya kujihami na kufika nyumbani salama

Goti langu la kushoto lina kovu la urefu wa kidole. Nililipata saa 11 alfajiri, nikielekea kituoni kuwahi daladala ya kwanza. Pikipiki ilitokea nyuma yangu, aliyepakiwa akadaka mkoba wangu, nami sikuuachia. Ndani yake kulikuwa na mashine ya kupimia presha, mali ya kazini, na kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu: ikipotea nitakatwa mshahara. Nikaburutwa kwenye changarawe hadi mkanda wa mkoba ulipokatika. Mkoba ukaenda, mashine ikaenda, na siku ile zahanati niliingia kama mgonjwa.

Naanza na kisa hicho kwa sababu watu wengi wanaoniuliza kuhusu kujihami huwa wanafikiria karate, mateke ya juu na mambo ya kwenye sinema. Mimi ni muuguzi wa jamii na kazi yangu ni kushona, kusafisha na kufunga vidonda vya watu waliovamiwa. Nikiwasikiliza, naona kwamba kujihami kuna lengo moja tu, kufika nyumbani ukiwa mzima. Simu hununuliwa nyingine, na hata aibu ya kukimbia mbele za watu huisha. Laiti alfajiri ile mtu angekuwa ameshaniambia kwamba mkoba huachiwa, na mkanda wake hauvishwi shingoni wala kuzungushwa mkononi, goti langu lingekuwa zima.

Mwili hufanya nini ukishtuka?

Ukivamiwa, ubongo huchukua hatua kabla hujafikiri. Homoni ya adrenalini humwagwa kwenye damu, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, na damu hukimbilia kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mabega. Vidole hubaki vizito na vinatetemeka. Ndiyo maana ufunguo hauingii kwenye kufuli, na namba ya simu unayoijua kwa moyo inakupotea. Macho huona kitu kimoja tu kilichoko mbele, masikio huziba kiasi, na maumivu hupungua. Nimempokea kijana aliyesema amepigwa ngumi ya mgongo. Nilipovua shati lake nikakuta tundu la kisu, na yeye hakuwa na habari.

Hali hiyo ndiyo inayoamua nini kinafaa kujifunza. Mbinu inayohitaji vidole vyepesi na hatua 5 zilizopangwa haitakusaidia gizani. Kinachobaki ni miondoko mikubwa na michache, kama kusukuma, kupiga kwa goti, kupiga kelele na kukimbia. Hata hiyo lazima mwili uwe umeifanya mara nyingi kabla. Kusoma ukurasa huu bila kusimama na kujaribu ni sawa na kusoma jinsi ya kuogelea ukiwa kitandani.

Tena kuna kuganda. Wapo wanaokimbia, wapo wanaopigana, na wapo wengi sana wanaosimama kama mti, sauti haitoki na mikono haiinuki. Huo si woga wala si kukubali. Ni kinga ya zamani ya mwili, na mtu haichagui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwauliza wanawake 298 waliofika kliniki moja ya dharura jijini Stockholm, Uswidi, baada ya kubakwa. Asilimia 70 kati yao walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona hukupiga kelele?" usimruhusu akuhukumu, na wewe usijihukumu. Ukimuuguza ndugu yako aliyepatwa na hayo, swali hilo usimuulize kabisa.

Kuganda kunaweza kupunguzwa kwa mazoezi, ingawa hakuna anayeweza kukuahidi kwamba hakutatokea. Mlango wa kutokea ni pumzi. Toa pumzi yote kwa nguvu, kama mtu anayezima mshumaa wa mbali. Pumzi ikitoka, sauti hupata njia, na mara nyingi sauti ikitoka miguu nayo huamka.

Kabla hajakugusa

Sehemu kubwa ya kujihami hufanyika mbali na mikono ya mtu. Umbali wa mikono miwili iliyonyooshwa unakupa nafasi ya kuona anachofanya. Akisogea ndani ya umbali huo bila sababu, sogea pembeni badala ya kurudi nyuma moja kwa moja, maana kinyumenyume mtu huanguka. Inua viganja vyote viwili mbele ya kifua, vikiwa wazi, kama mtu anayesema "subiri kwanza". Kwa anayetazama unaonekana unaomba amani, lakini mikono yako tayari iko karibu na uso wako na unaweza kuitumia.

Kisha sema. Sauti nzito kutoka tumboni, maneno machache, bila matusi. Tusi humfanya mlevi ajione anadaiwa kujibu mbele ya wenzake. Kwenye daladala iliyojaa, mwanamume anapokushikashika, taja kitendo chake kwa sauti ya kusikika hadi kwa kondakta: "Kaka mwenye shati la bluu, toa mkono wako kwenye paja langu." Anayefanya hivyo anategemea kimya chako.

Ukiwa barabarani na mtu anakuvuta, piga kelele ukisema "Sikujui! Niache!" Neno "sikujui" lina kazi yake. Bila hilo, wapita njia wataona ni ugomvi wa mtu na mkewe na wataendelea na safari zao. Ukiomba msaada, mchague mtu mmoja: "Mama mwenye khanga nyekundu, nisaidie, piga 112." Ukiita watu wote kwa pamoja, kila mmoja humsubiri mwenzake.

Neno la kuwa mwangalifu nalo ni "Mwizi!" Najua ndilo linalotoka kwanza. Lakini sote tunajua kinachofuata mtaani likishatamkwa. Nimeosha miili ya vijana waliopigwa na wananchi wenye hasira, na mmoja wao, kama ilivyojulikana baadaye, alikuwa anakimbilia gari lake. "Niacheni!" na "Nisaidieni!" huita watu vilevile.

Anayetaka mali, mpe mali. Mtupie simu au pochi upande mmoja, wewe kimbilia upande mwingine, kwenye mwanga na watu, kama duka, kituo cha bodaboda au nyumba yenye taa. Ukiona kisu, panga au bastola, mjadala umekwisha. Usijaribu kumnyang'anya. Vidonda vibaya zaidi vya viganja nilivyowahi kufunga ni vya watu walioshika makali. Na usitembee na kisu cha kujilinda. Ukikitoa, umeongeza kisu kwenye ugomvi, na mwenye nguvu zaidi ndiye atakayekitumia.

Anayetaka kukupeleka mahali pengine, kwenye gari, kichochoroni au ndani ya pagale, huyo ni suala tofauti. Hapo usitii kwa urahisi. Pale mlipo, hata kama ni pabaya, pana watu zaidi kuliko anakokupeleka.

Akishakushika

Jaribu haya nyumbani na mtu unayemwamini, taratibu, bila kuumizana. Mkubaliane neno la kusimamisha.

Ameshika kifundo cha mkono wako. Usivutane naye, nguvu zake zinaweza kuzidi zako. Kila mshiko una mlango, nao uko pale kidole gumba chake kinapokutana na vidole vingine. Geuza mkono wako ili ubapa wake mwembamba uelekee kwenye mlango huo, kunja kiwiko, songea karibu naye kidogo, kisha chomoa kwa ghafla kuelekea bega lako mwenyewe. Mkono ukitoka, ondoka.

Amekupiga kabali kutoka nyuma. Hili nitalisimamia kwa muda, kwa sababu ndilo linaloua. Mkono ukibana pande mbili za shingo, damu haifiki kwenye ubongo, na mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi. Huna muda wa kutafuta mifuko yake wala kumkuna usoni. Shusha kidevu kifuani na geuza uso kuelekea kona ya kiwiko chake, maana pale kwenye kona ndipo kuna nafasi ya koo lako kupumua. Wakati huohuo shika mkono unaokukaba kwa mikono yako yote miwili na ujining'inize juu yake kwa uzito wa mwili mzima, ukiuvuta chini. Ukipata pumzi, kanyaga kwa kisigino juu ya unyayo wake, piga kiwiko nyuma kwenye mbavu, geuka, toka. Fanya zoezi hili la kushusha kidevu na kushika mkono mara 20 kila unapokutana na mwenzako wa mazoezi, bila yeye kukubana kweli hata mara moja. Kwenye mazoezi mkono uwekwe juu ya kifua, kamwe usibane shingo. Shingo si kitu cha kufanyia majaribio.

Mko uso kwa uso na hakuna njia. Usipige ngumi mdomoni. Nasema hivi kama mtu anayesafisha vidonda. Ngumi ikikutana na meno, jino huchana ngozi juu ya kifundo cha kidole na kupandikiza vijidudu ndani ya kiungo. Mtu huona ni mchubuko tu, na siku ya pili au ya tatu mkono umevimba, una usaha, na wengine hupoteza uwezo wa kukunja kidole. Tumia sehemu nene ya chini ya kiganja, ile unayokandia unga wa chapati, ukisukuma kutoka chini kwenda kwenye pua au kidevu. Goti kwenye kinena. Ukingo wa kiatu kushuka na ugoko hadi juu ya mguu wake. Macho ni ya mwisho, pale unapoona maisha yako yanakwenda. Piga ukipiga kelele, na ukipiga mara mbili tatu usisimame kuangalia umempata wapi. Kimbia.

Ukiangushwa, usilale kifudifudi. Geuka uangalie juu, miguu ielekee kwake, kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini, na umsukume kwa visigino kila anapokaribia. Miguu ina nguvu kuliko mikono, hata kwa mtu mzima aliyezeeka.

Je, mafunzo haya yanasaidia kweli?

Swali zuri, kwa sababu wapo wanaouza mafunzo ya wiki moja kwa ahadi kubwa. Ushahidi upo, na mwingine si wa mbali. Jijini Nairobi, wasichana wa mitaa duni walifundishwa vipindi 6 vya saa 2 kila kimoja, vikiwa na sauti, kujiamini, kukwepa na mapigo machache. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kwamba kabla ya mafunzo karibu robo yao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono katika mwaka uliotangulia. Baada ya mafunzo idadi ilishuka chini ya mmoja kati ya 10. Zaidi ya nusu walisema wametumia walichojifunza. Huko Korogocho, bibi wenye vijukuu nao hukutana kufanya mazoezi ya kujihami, kikundi chao kikijulikana kama Shosho Jikinge. Nchini Kanada, vyuo vikuu 3 vilifundisha wanafunzi wa kike kwa jumla ya saa 12. Mwaka mmoja baadaye, kwa mujibu wa utafiti wa 2015, waliobakwa miongoni mwao walikuwa takribani asilimia 5, na kwa wale waliopewa vipeperushi tu walikuwa karibu asilimia 10.

Kwa hiyo mafunzo hupunguza, hayaondoi. Na kosa hubaki kuwa la aliyefanya kosa, uwe ulijifunza au hukujifunza. Ukitafuta mwalimu, angalia kama anakufundisha kutumia sauti na kukimbia. Akianza na mateke ya kichwani, tafuta mwingine.

Anayekupiga akiwa ndani ya nyumba

Mengi niliyoandika hapo juu ni ya mtu usiyemjua. Ila wanawake wengi ninaowahudumia hawakuvamiwa na kibaka. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 nchini Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na kwa walioolewa, mume ndiye anayetajwa zaidi.

Hapa sikushauri upigane. Kibaka hukimbia na hamtaonana tena. Mume atalala chumba hichohicho, na pigo lako la leo anaweza kulilipiza kesho watoto wakiwa shule. Ugomvi ukianza, usikimbilie jikoni wala chooni: jikoni kuna visu na mafuta ya moto, chooni hakuna mlango wa pili. Kaa upande wa mlango wa nje. Peleka kwa jirani au ndugu bahasha yenye nakala za kadi ya kliniki, vyeti vya watoto, kitambulisho na nauli. Kubaliana na jirani neno moja ambalo mtoto akienda kusema, kwa mfano "mama anaomba chumvi ya mawe", yeye atajua aite watu. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na unaweza kwenda huko hata kama huna jeraha la kuonesha. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Akikukaba shingo hata mara moja, hata kama alisema anatania, chukua hilo kama alama ya hatari ya kifo. Usisubiri mara ya pili ndipo umwambie mtu.

Ukishafika salama

Jikague mwili mzima kwa viganja, kichwa hadi miguu, mgongoni na kwapani, uangalie mkono kama umetoka na damu. Kumbuka maumivu huchelewa. Penye damu, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Kisu kilichobaki mwilini usikichomoe, kizungushie nguo kisitikisike na uende hospitali nacho. Usipake majivu, kahawa, dawa ya meno wala mafuta ya taa. Kidonda cha kuumwa na mtu kioshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uje, hata kikiwa kidogo. Jino la mtu mzima lililong'oka lishike upande mweupe wa kutafunia, si mzizi, liweke kwenye maziwa na umfikie daktari wa meno ndani ya saa moja.

Aliyegongwa kichwa asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Kutapika mara kwa mara, usingizi mzito usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yanayozidi, degedege, au mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, ni safari ya hospitali wakati huohuo.

Aliyebakwa afike kituo cha afya mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Dawa za kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5, na mapema ni bora. Ukiweza usioge kwanza, na nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Kama umeshaoga, njoo hivyohivyo, tiba haikatazwi na maji.

Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi. Ila mwenye hali ya dharura hutibiwa kwanza, fomu hufuata. Ukiambiwa vinginevyo huku ndugu yako anavuja damu, omba kuonana na mganga mfawidhi. Polisi waeleze pia ulivyojilinda, bila kuficha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inampa mtu haki ya kujilinda yeye na mwenzake, kwa nguvu inayohitajika kuzuia shambulio na si zaidi. Aliyeanguka na kuacha kukushambulia, ukiendelea kumpiga, sheria haikulindi tena.

Na waliokabwa. Shingo inaweza kuonekana safi kabisa, bila alama, huku mshipa wa damu ndani umechanika. Sauti kukwaruza, shida ya kumeza, vidoadoa vyekundu ndani ya macho, kichwa kuuma upande mmoja, mkono au mguu kulegea, au kujikojolea wakati wa tukio, yote hayo tuambie. Dalili nyingine huja baada ya siku kadhaa. Mjamzito aje hata kama hana dalili yoyote, tumsikilize na mtoto. Ukifika mapokezi usiseme tu "nimepigwa". Sema "nimekabwa shingo", ili tujue pa kuanzia.